Mikia ya Iliki

Mume wa mdogo wangu mtaa mzima ulimwita Bwana Safi, na yeye alilipokea jina hilo kama mtu aliyevishwa nishani. Hakujua kwamba watu walipolitamka walikuwa wanabana vicheko. Mimi sikubana. Nilimcheka usoni, na akiniuliza nacheka nini namjibu, "Nakucheka wewe, shemeji," naye anaona ni utani wa mashemeji. Haukuwa utani. Nilimdharau tangu siku ya kwanza nilipokwenda kwake, aliponisimamisha mlangoni na kitambaa chenye dawa ya kuua wadudu, nijifute nyayo kabla sijamsalimia mdogo wangu.

Kazi yake ilikuwa usimamizi wa wafagiaji hospitalini. Nasema usimamizi, maana fagio lenyewe aliacha kulishika zamani. Alitembea kwenye korido na funguo za stoo zikining'inia kiunoni, anapitisha kidole kwenye kingo za madirisha, anakitazama kidole, anatikisa kichwa, anaondoka. Mimi nina kibanda cha chai karibu na lango la hospitali ile, na wafagiaji wakija kunywa chai walikuwa wanapokezana kumwigiza: huyu anapitisha kidole kwenye kikombe, yule kwenye upara wa mwenzake, wote wanatikisa kichwa. Yeye alikuwa anapita palepale na suruali iliyopigwa pasi hadi inakata, anawaonea huruma kwa kutokuwa yeye. Kwa wageni alisema "sisi wa hospitali," kwa sauti ambayo ungedhani kwamba ndiye aliyekuwa anapasua watu.

Alipostaafu walimuaga kwa soda na fagio jipya la mpini mrefu. Nina hakika ilikuwa kejeli. Yeye alilitundika sebuleni, juu ya kochi lililofunikwa nailoni, na kila aliyeingia alisomewa hotuba yake ya kuagwa kuanzia mwanzo. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya saruji nyekundu, inasuguliwa nta kila siku mpaka unauona uso wako ndani yake, na ukitembea juu yake unajikaza kama mtu aliyebeba mayai. Viatu vyote vinabaki nje. Hata soksi alizitazama kwa jicho baya.

Mdogo wangu alikuwa anashona sare za shule kwenye kiwanda kidogo, anatoka asubuhi anarudi jioni, shingo imemkakamaa. Kitu pekee kilichokuwa chake katika nyumba ile ni kipande cha ardhi uani, kati ya ukuta wa jiko na ukuta wa jirani. Mparachichi wa jirani uliegemea upande huu ukakifunika chote, na jua lilifika chini kwa vipande vipande tu. Alijaribu nyanya, zikarefuka zikakonda zikafa. Akajaribu mchicha, ukatoka rangi ya mgonjwa. Shemeji akasema ardhi ile ni kama mwenyewe, haifai kitu, bora imwagiwe saruji.

Ni mimi niliyempa tangawizi. Kibandani kwangu kulikuwa na mzigo uliokaa sana, vipande vikaanza kutoa macho, nikamwambia chukua ukajaribu. Akavikata kila kimoja kibaki na macho yake, akaviacha vidonda vikauke kwanza, akavipanda kina kifupi macho yakitazama juu, kisha akakusanya majani makavu ya mparachichi akavifunika. Basi. Kivuli kilichoua nyanya ndicho kilichoipenda tangawizi. Ikatoa mabua marefu membamba, na mwaka huohuo chai yangu ilikuwa inawatoa wateja jasho. Mwaka uliofuata akaongeza manjano, na yenyewe ikashamiri, ikatoa na maua katikati ya majani yake mapana. Sijawahi kumwona mdogo wangu akitembea kwa madaha vile. Mwenzake wa kiwandani alipomletea miche ya iliki imefungwa kwenye kitambaa kibichi, aliipokea kwa mikono miwili. Maelekezo yenyewe yalikuwa mafupi: kivuli, unyevu, na uvumilivu, kwa sababu iliki huchukua miaka kabla ya kuzaa.

Sasa niseme lile jambo lenyewe. Mtoto hakuna. Miaka ilipita, mtoto hakuna, na hapo ndipo nilipomjua Bwana Safi vizuri. Mwanamume mwenye akili angekaa na mkewe wakashauriana. Yeye aligeuka tarumbeta. Mgeni akija, kabla chai haijapoa ameshaambiwa, "Mimi sina kasoro, ila nimeoa tasa." Analisema hilo mdogo wangu akiwa amesimama hapohapo na sinia mkononi.

Nilimshika mdogo wangu mkono nikampeleka hospitali, ileile ya shemeji. Wakampima kila kinachopimwa. Daktari akasema hana tatizo lolote, amlete mumewe. Maabara iko korido ya chini, na Bwana Safi alipita mbele ya mlango ule kila siku ya kazi yake, akikagua kizingiti, akimfokea aliyeacha alama ya maji. Kuingia ndani ndiko kulikomshinda. Alipoambiwa aingie alivimba, akasema vyombo vya pale anavijua, vimechoka, na mwanamume kamili hahitaji kuambiwa na chupa kwamba ni mwanamume. Nikataka kulitoa hadharani. Mdogo wangu akanikataza.

"Dada, ukisema hilo utamvua nguo mume wangu mbele za watu."

"Na wewe anakuvua mara ngapi?"

"Basi inatosha mmoja wetu kuvuliwa."

Nikanyamaza kwa ajili yake, na roho iliniuma kila nilipomwona yule jogoo kitini pake, mguu juu ya mguu, anajipepea.

Baada ya kustaafu, uchafu wa hospitali ulimwishia, akaja kuutafuta nyumbani. Alilitundua lile fagio la kuagwa akashuka nalo uani. Kwake yeye jani likishaanguka ni takataka. Yale majani makavu ambayo mdogo wangu alifunikia shina ili udongo usikauke, yeye aliyafagia yote akayachoma, akaacha ardhi tupu yenye mistari ya fagio, imenyooka kama daftari. Mdogo wangu anarudi jioni, anatandaza mengine. Kesho yake yamefagiliwa. Walikwenda hivyo miaka, yeye anatandaza, huyu anafagia, na ungewauliza kwa nini, mmoja tu ndiye angekuwa na jibu la maana. Mwaka wake wa kwanza wa kukaa nyumbani, tangawizi iliponyauka majani, kama inavyofanya ikikomaa tayari kuvunwa, alimwita mpaka jirani aje ashuhudie mazao ya mkewe yalivyokufa. Mdogo wangu akachimba, akatoa tangawizi iliyojaa karai. Jirani akacheka. Shemeji akasema karai hilo lina matope, litolewe uani.

Iliki ikakua. Ikamzidi mdogo wangu kimo, majani marefu ya kijani kilichokolea, ukiyasugua yananukia. Umri wa kuzaa ukafika. Mdogo wangu akawa anaiangalia kila jioni, anainua shingo kutazama juu katikati ya majani, kwa kuwa maua ya ile manjano yake aliyaona yakitoka hapo. Hakuna kitu. Mvua zikaja, zikaisha, hakuna kitu. Mwaka mwingine vilevile. Mwenzake wa kiwandani alikuwa ameshahama, hakuna wa kumuuliza. Mimi ninayeichemsha iliki kila siku ya Mungu sikuwahi kuiona ikiwa shambani.

Kwa Bwana Safi hiyo ilikuwa sherehe. "Mnaona?" aliwaambia wageni, na sasa aliwapeleka mpaka uani kuwaonyesha. "Kila anachokigusa mwanamke huyu hakizai. Majani tu. Angalia ilivyonenepa, na tumboni hamna kitu."

Mwishowe akalitoa lililokuwa moyoni. Ameona mjane mmoja mwenye watoto wawili, mwanamke aliyethibitika, atamleta awe mke wa pili. Mdogo wangu ama atahamia chumba cha stoo na kumwachia mwenzake chumba kikubwa, ama arudi alikotoka. Kaka mkubwa wa Bwana Safi atakuja, na shangazi wa yule mjane atakuja, mambo yapangwe mvua zikiisha. Mdogo wangu alinisimulia haya kibandani kwangu huku akipanga vikombe ambavyo nilikuwa nimeshavipanga. Hakulia. Aliniuliza tu kama stoo ile mtu anaweza kupata usingizi ndani yake, na harufu ya dawa za sakafu ilivyo.

Kisha Bwana Safi akaanguka. Alikuwa ameipaka sakafu nta, akaona haijang'aa anavyotaka, akamwaga na maji ya sabuni juu yake, kisha akasahau kwamba na yeye ana miguu. Alivunjika mfupa wa paja ndani ya nyumba yake mwenyewe, juu ya usafi wake mwenyewe. Mungu anisamehe, nilipopata habari nilimwachia mteja chai ikafurika kwenye kikombe, kwa kucheka. Walimfunga plasta kuanzia kiunoni, wakamrudisha nyumbani, na mdogo wangu, tasa yuleyule wa kuhamishiwa stoo, akawa ndiye wa kumgeuza, kumwosha na kumpelekea chombo.

Mvua zilikuwa zimeanza. Alipoweza kukaa, alitaka awekwe kwenye kiti mlango wa jikoni, mguu juu ya kigoda, ili auangalie uwanja. Na uwanja, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, ulikuwa umeachwa. Majani ya mparachichi yalilala yalipoangukia. Udongo chini yake ulikuwa mweusi, laini. Shemeji alikuwa anaugulia ule uwanja kuliko mguu.

Jumapili moja nilikwenda kuwaona. Nilimkuta amekunja uso, anaelekeza kidole chini ya iliki, kile kidole chake cha madirisha.

"Shemeji, afadhali umekuja, labda wewe una macho. Angalia uchafu huo! Ile mikia imetoka tena."

"Mikia gani?"

"Hiyo hapo inayotambaa chini ya shina. Kila mvua zikianza inatoka, na kila mvua naikata. Nafagia, naikata, naichoma. Nisingekuwa mimi ingeshafika jikoni. Mdogo wako hana habari, yeye anatazama juu tu."

Mdogo wangu alikuwa anafua. Aliacha nguo kwenye beseni, akaenda akapiga magoti chini ya iliki, akafunua majani makavu kwa mikono yenye povu. Kisha akaniita, sauti imebadilika. Nilipoinama niliona vikonyo vyembamba vimetoka shinani, vimelala juu ya ardhi kama vimechoka, na kila kimoja kimebeba maua, madogo, meupe, yenye mistari ya zambarau kwenye mdomo. Nyuki alikuwa anaingia hili anatoka lile. Chini zaidi, ambako maua yalikuwa yameshaanguka, palikuwa na vijitunda vya kijani vidogo kuliko punje ya mahindi. Nilivitambua. Vimepita mikononi mwangu maisha yangu yote.

Mdogo wangu alinyanyuka, magoti yana matope, akaenda akasimama mbele ya mumewe.

"Bwana, hii umeanza kuikata lini?"

"Tangu nistaafu," akasema kwa fahari. "Asubuhi, ukishaondoka."

"Hayo ndiyo maua yake."

Alimtazama, akaniangalia mimi, akarudi kwake. "Maua yanatoka juu," akasema. "Kila mtu anajua maua yanatoka juu." Kisha akamwelekezea kidole magotini, akamwambia asiingie ndani na matope yale.

Miaka yote ile alikuwa anaamka, anasubiri mkewe afunge lango, anashuka na fagio na kisu, anakata. Jioni anaita watu waje waone isivyozaa. Na alikuwa hajui. Hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi, kwamba hakuwa hata mwovu wa kupanga. Alikuwa mpumbavu anayejiamini.

Tangu siku hiyo mdogo wangu alikuwa akivifunika vile vikonyo kwa majani kama anayefunika mtoto. Shemeji alifoka mpaka akachoka, akamrushia na ndara. Ndara haikufika hata nusu ya njia.

Kikao kikaitishwa akiwa ameshatolewa plasta, anasimama kwa magongo. Kaka yake mkubwa alikuja, mtu mpole, na shangazi wa yule mjane, mama aliyekula chumvi nyingi, anayekutazama mpaka unajikagua vifungo. Viatu waliacha nje. Mimi nilijipeleka jikoni bila kualikwa. Mdogo wangu alinikabidhi kibakuli: iliki, alizozichuma kabla hazijapasuka akazikausha kivulini, bado za kijani. Nilizitwanga mwenyewe. Harufu ilitutangulia sebuleni.

Kaka mtu alikunywa, akashusha kikombe, akakinyanyua tena. "Shemeji, iliki hii mmeitoa wapi? Ya sokoni hainukii hivi."

"Ya hapo uani," mdogo wangu akajibu.

"Si mliniambia haizai?"

"Ilikuwa inatoa maua kila mwaka. Mume wangu alikuwa anayakata, anayachoma. Mwaka huu alikuwa kitandani, ikazaa."

Hakupandisha sauti. Alimjazia kaka mtu kikombe, akarudi akakaa. Nilimwona shangazi anaacha kutafuna mkate. Alimgeukia Bwana Safi, taratibu, mwili mzima.

"Baba, mkeo amepimwa?"

"Ah, mambo ya hospitali..."

"Amepimwa," nikasema mimi. Mdogo wangu alinikazia macho, lakini safari hii hakunizuia. "Mzima. Wakasema mume aende."

"Na wewe ulikwenda?" shangazi akamuuliza.

"Mimi nimefanya kazi hospitali miaka mingi, mama. Hospitali naijua."

"Sijakuuliza kama unaijua. Nimekuuliza ulipimwa?"

Bwana Safi alitazama magongo yake. Alitazama fagio, lililokuwa limerudishwa ukutani. Alitazama sakafu, na hapo, kwenye sakafu, akapata pa kujificha.

"Nani ameingia na mchanga humu?" akasema. "Hebu ona hapo mlangoni. Nani ameingia na mchanga?"

Shangazi alikusanya kanga yake. Alisema binti yao ana watoto wa kulea, hana nafasi ya kuja kufagiliwa. Kaka mtu alimsindikiza, na aliporudi kuchukua kofia yake hakumuaga mdogo wake. Aliinama kwa mdogo wangu akasema, "Shemeji, tusamehe." Ndipo Bwana Safi akapata sauti. Alisema kama si yeye kuikatiakatia miaka yote hiyo, iliki isingepata nguvu ya kuzaa mwaka huu, na kwa hiyo shukrani ni zake. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nashukuru kilikuwa kitupu.

Nilimwambia mdogo wangu tuondoke palepale. Akakataa. "Siwezi kumwacha mtu asiyeweza kujipeleka msalani. Nitamwacha akiwa amesimama." Nilimgombeza, nikamwita mjinga. Aliendelea kumpikia, kumkanda mguu kwa maji ya moto, kumtembeza sebuleni amemshika kiuno, hatua kwa hatua juu ya ile nta.

Siku aliyotembea bila magongo mpaka langoni na kurudi, mdogo wangu alimpikia chakula cha mchana, akaosha vyombo, akachukua jembe. Nilikuja na mkokoteni wa kuchukulia maji. Tulichimba tangawizi yote, tukachimba manjano, kisha iliki tukaigawa mashina na udongo wake, tukayafunga kwenye magunia mabichi. Nyuma ya kibanda changu, kati ya ukuta na tangi la maji, kuna kivuli kama kile. Bwana Safi alisimama mlango wa jikoni anatuangalia. Nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani ataomba, au atatukana, na yote mawili nilikuwa na majibu yake.

"Mnaacha mashimo," akasema. "Fukieni mashimo."

Mdogo wangu aliyafukia. Yote. Kisha alichukua lile fagio la mpini mrefu, akaufagia uwanja ule kuanzia ukuta mmoja mpaka mwingine, mistari imenyooka, akamkabidhi fagio mkononi, akatangulia langoni.

Nilipita kule mvua zilizofuata, kwa shughuli zangu. Lango lilikuwa wazi. Jirani alikuwa ameshaukata mparachichi kwa ajili ya majani yaliyokuwa yanalalamikiwa, na jua lilikuwa limejaa uani. Hakuna jani, hakuna kijiti, hakuna hata sisimizi. Alikuwa amesimama katikati, fagio mkononi, anatafuta cha kufagia.

Aliponiona alivuta shati likae sawa. Alikohoa.

"Shemeji," akaniita. "Ile iliki vipi?"

"Inazaa," nikamwambia.